Kumlea ndovu yatima wa Sheldrick kwa dola 50: pesa inakwenda wapi?

Ada ya kumlea ndovu yatima kupitia Sheldrick Wildlife Trust, shirika la Nairobi linalookoa na kulea ndovu yatima, inaanzia dola 50 za Marekani kwa mwaka, kama shilingi 6,500 za Kenya. Unachagua yatima mmoja kwenye tovuti yao, unalipa, kisha unapokea cheti, maelezo ya jinsi alivyookolewa, na taarifa kwa barua pepe kila mwezi pamoja na mchoro wa rangi za maji wa Angela Sheldrick, mkuu wa shirika hilo. Unaweza pia kumlipia mtu mwingine iwe zawadi, cheti kitoke kwa jina lake.

Tunaupendekeza mpango huu bila kusita, mradi mlipaji aelewe jambo moja: ndovu huyo si wako peke yako. Yatima mmoja ana wafadhili wengi, na ni lazima iwe hivyo, kwa sababu dola 50 haziwezi kumlisha.

Ndama wa ndovu hutegemea maziwa angalau miaka miwili ya mwanzo. Kwenye kituo cha Nairobi hupewa chupa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na walezi hulala kwenye vibanda pamoja na wadogo. Maziwa ya ng'ombe hayafai: mafuta yake hayamengʼenywi na tumbo la ndovu, ndama anaharisha na kuishiwa maji mwilini. Daphne Sheldrick, aliyeanzisha shirika hili mwaka 1977, alihangaika miaka mingi kabla ya kugundua kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayokaribia yale ya maziwa ya mama ndovu. Ndama wa kwanza kunufaika na ugunduzi huo, Aisha, alikufa Daphne alipoondoka kwa siku chache tu kwenda harusini kwa binti yake. Alikuwa amemzoea yeye peke yake. Ndiyo maana leo walezi hubadilishana zamu za usiku, ndama asifungamane na mtu mmoja. Mishahara ya walezi hao ni sehemu ya unacholipia, na kwetu hapo ndipo thamani ya pesa yako ilipo.

Hata maziwa yakipatikana, wengine hufa. Nimonia huwapata waliotumbukia visimani, na kuota kwa magego huleta kuhara kunakoweza kuua. Ukichagua ndama aliyefika juzi, jiandae kwa hilo.

Nguvu ya mpango iko kwenye ushirikiano na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, KWS. Wanyamapori ni mali ya taifa, kwa hiyo Sheldrick haiwezi kumchukua ndama porini bila KWS. Vikosi vya tiba vinavyozunguka kwa magari huongozwa na madaktari wa mifugo wa KWS, gharama zikilipwa na Sheldrick na wahisani wake. Vikosi vya kupambana na ujangili navyo hufanya doria na askari wa KWS, waking'oa mitego ya nyaya. Mtego huo hutegewa swara au digidigi kwa biashara ya nyamapori, lakini hukaza mguu au mkonga wa ndovu vilevile. Anayetaka kupambana na ujangili moja kwa moja aangalie michango ya vikosi hivi. Ada ya kulea imekusudiwa mayatima.

Kasoro tunazoziona ni mbili. Taarifa na shajara za walezi ni za Kiingereza, ilhali walezi wenyewe huzungumza Kiswahili kutwa nzima. Na bei ya dola ni nzito kwa familia nyingi za Kenya.

Kabla ya kuchagua, angalia yatima yuko kituo gani. Wa Nairobi huonekana na umma saa tano hadi saa sita mchana, kwa kuweka nafasi mapema. Unaingilia lango la karakana ya KWS, Barabara ya Magadi. Akikua huhamishiwa kituo cha Voi, Ithumba au Umani, na hapo safari ni ya Tsavo au msitu wa Kibwezi. Sisi tungemchagua wa Ithumba. Waliokulia huko hurudi na watoto waliozaliwa porini: Mulika alimleta Mwende mwaka 2011, Yatta akafuata na Yetu mwaka 2012.

Wanaoishi jirani na hifadhi wana mchango usiolipiwa. Ukimkuta ndama peke yake, ita KWS upesi, zuia umati na mbwa, na usimpe maziwa ya ng'ombe. Usimmiminie maji mdomoni kwa nguvu pia. Yakiingia mapafuni, nimonia inaweza kumuua hata akiokolewa siku hiyohiyo.