Toggl Track na vikao vyetu: wiki sita za kubonyeza saa

Nilianza kutumia Toggl Track, programu ya kuhesabu muda unaotumia kwenye kila shughuli, kwa hasira. Ilikuwa Ijumaa, ripoti ya robo mwaka sijaigusa, na nilipojiuliza wiki nzima nimefanya nini nikakuta ni vikao tu. Kikao cha idara, kikao cha kuandaa kikao cha idara, kikao cha Zoom na wafadhili. Nikasema hebu nihesabu.

Programu yenyewe, iliyoanzia Estonia, ni nyepesi. Huduma ya bure inatosha kikundi cha watu wasiozidi watano. Mimi niko peke yangu, sijalipa hata senti. Mkikaa unabonyeza, saa inaanza kukimbia; mkitawanyika unabonyeza tena. Ukiianzisha kwenye simu, kwenye kompyuta unaikuta bado inahesabu.

Kilichonitesa mwanzoni ni saa zetu za Kiswahili. Ukisahau kubonyeza inabidi uingize kwa mkono, na mimi kikao cha saa tatu asubuhi nilikiandika 3:00. Ripoti ikaonyesha nilikuwa kikaoni saa tisa usiku! Siku hizi naongeza sita kichwani kabla ya kuandika.

Wiki ya pili ndipo nilipoonja utamu wake. Nikatenganisha miradi miwili, yaani mafungu ya kugawia muda: "Kikao" na "Kusubiri". Jumatatu, saa tatu kamili, nikakaa na kubonyeza "Kusubiri". Mwenyekiti yuko kwenye foleni Ubungo. Projekta iko kabatini, na mwenye ufunguo hajafika. Dakika 38. Ndipo nikabonyeza "Kikao": sala, utambulisho (tunajuana wote), kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo. Ajenda yenyewe tuliimaliza upesi, kisha mengineyo yakala dakika 50, nyingi zikiwa za chai ya ofisi.

Kalenda ya Google ya kazini nayo huonyesha muda wa vikao, ila inahesabu kilichopangwa. Kikao cha saa moja kinabaki cha saa moja hata mkikaa mpaka adhana ya adhuhuri. Kwa ofisi kama yetu hiyo haisaidii kitu.

Tatizo la kubonyeza ni kwamba watu wanakuona. Mkuu wa idara aliwahi kuniambia mbele ya wajumbe, "Dada, naona leo simu haikuachi." Nikajibu, "Samahani mkuu, naweka kumbukumbu." Sikudanganya.

Vikao havijapungua, nisiwadanganye. Nilichofanya ni kumwonyesha katibu kile kipande cha "Kusubiri" cha mwezi mzima, nikiacha vingine, maana sikutaka ionekane nawachunguza watu. Aliangalia, akacheka, akanirudishia simu. Wiki iliyofuata ufunguo wa kabati ukahamia mezani kwake, na kumbukumbu sasa anatutumia jioni ya kuamkia kikao ili zisisomwe neno kwa neno. Jumatatu iliyopita tulisubiri dakika 11. Mwenyekiti bado anatokea na foleni yake ya Ubungo, hiyo iko nje ya uwezo wa programu yoyote.

Ukitaka kujaribu, anza na miradi miwili tu kama yangu. Mimi niliwahi kufika tisa, nikawa namaliza dakika za kikao nikichagua rangi ya kila mradi.