Pampu ya kupimia presha ya rejeta kwa gari kuukuu linalochemsha: uzoefu wangu

Gari la zamani likianza kuchemsha, kawaida hubadilishwa themostati (valvu inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta injini ikipata moto), halafu pampu ya maji, halafu rejeta nzima, na mshale wa joto unaendelea kupanda. Mimi sinunui spea yoyote kabla ya kutumia pampu ya mkono ya kupimia presha ya rejeta. Ina geji, mpira mfupi na adapta kadhaa za kufungia kwenye shingo ya rejeta au tangi la akiba.

Presha ina umuhimu wake. Usawa wa bahari, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi; yakiongezewa presha ya bar 1 hufika karibu 120 kabla ya kuchemka. Mfumo unaovujisha presha kidogo tu unaweza kuchemsha gari hata kama maji hayajapungua sana.

Napima injini ikiwa baridi kabisa, yaani mpira wa juu wa rejeta ukibanwa kwa mkono unabonyea bila ubishi. Kufungua kifuniko cha moto ni kujimwagia maji yanayochemka usoni, hilo halina mjadala. Najaza maji, nafunga adapta, napampu polepole hadi kiwango kilichoandikwa juu ya kifuniko cha gari lenyewe, mara nyingi bar 0.9 au 1.1. Usikipite. Rejeta ya alumini yenye vichwa vya plastiki, ikishakuwa na miaka mingi, hupasuka pale vilipoungana. Kisha nasubiri dakika 15.

Mshale wa geji ukishuka, chukua tochi. Angalia kwenye klempu za mipira, kwenye ule mshono wa plastiki na alumini, na chini ya pampu ya maji, ambako kuna kitundu kidogo cha makusudi: kikidondosha maji, sili ya ndani imekwisha na pampu ni ya kubadilisha. Pandisha na kapeti la mbele upande wa abiria. Unyevu wenye harufu tamutamu ya kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) unaonyesha rejeta ndogo ya hita ndiyo inayovuja.

Mshale ukishuka na nje pakavu kote, shuku gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Hapa ndipo naona kifaa hiki kina thamani kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Punguza presha ibaki kidogo, washa injini ikiwa bado baridi, tazama geji. Ikipanda haraka ndani ya sekunde chache, kabla maji hayajapata moto, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Zima mara moja na utoe presha. Njia nyingine ni kuliacha gari na presha kwa saa chache, kutoa plagi zote na kuzungusha injini kwa stata. Silinda yenye kasoro itarusha maji kupitia tundu la plagi, kwa hiyo usiinamie hapo.

Adapta ya kupimia kifuniko nayo ni muhimu, maana kifuniko ndicho spea rahisi kuliko zote na ndicho kinachosahaulika. Kizuri hushikilia presha hadi karibu na kiwango chake ndipo kiachie. Kinachoachia kwenye 0.4 badala ya 0.9 hakifai. Valvu yake ndogo ya kurudisha maji ikikwama, utaona mpira wa rejeta umenywea baada ya injini kupoa.

Sasa mapungufu. Pampu haikuambii kama rejeta imeziba ndani, kama themostati imekwama, wala kama feni imekufa. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, anza na feni. Linalochemsha kwenye mwendo mkali au mlima mrefu, fikiria rejeta iliyoziba. Themostati naichemsha kwenye sufuria pamoja na kipimajoto: iliyoandikwa nyuzi 82 ianze kufunguka karibu na hapo. Pia kuna uvujaji unaotokea injini ikiwa na moto tu, chuma kikishatanuka, na kipimo cha baridi hakiuoni.

Kifaa chenyewe kina udhaifu mmoja: oringi (pete za mpira za kuzibia) za adapta hukauka na kuvujisha, ukadhani ni gari. Kabla ya kila kipimo naunganisha adapta na kifuniko kizima, napampu, nahakikisha mshale umetulia. Na usinunue seti kabla ya kulinganisha shingo ya rejeta yako, kwani shingo pana, nyembamba na za kuzungushia kama skrubu hazishirikiani adapta.

Ukimaliza matengenezo, toa hewa: hita kwenye moto wa juu kabisa, pua ya gari iinuke, jaza polepole huku injini ikinguruma bila mzigo hadi mapovu yaishe na feni iwake yenyewe.