Karakana ya shaba katika komini ya Kenya, Lubumbashi: sinia la mahari na misalaba sabini

Mdogo wangu alipotuarifu kwamba ataolewa mwezi wa Agosti, alituomba sisi ndugu zake jambo moja tu: kila kitakachowekwa mbele ya wageni kiwe kimetoka mikononi mwa watu tunaowajua, na si maua ya plastiki yanayokodishwa kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine. Mimi, kwa kuwa ndiye yaya yake, yaani dada yake mkubwa, nilipewa kazi ya kutafuta fundi, na baada ya kuzunguka mji kwa wiki mbili nikampata katika karakana ndogo ya kufua shaba kwenye komini ya Kenya, mojawapo ya sehemu za mji wetu wa Lubumbashi, mwendo mfupi kutoka sokoni. Ninaandika kuihusu kwa sababu familia nyingi za hapa Lubumbashi hupita nje ya karakana za namna hii zikidhani kwamba ndani mnatengenezwa picha za ukutani kwa ajili ya wageni peke yao.

Tuliagiza vitu vitatu: sinia moja kubwa la kubebea mahari, misalaba midogo sabini ya kuwapa wageni kama ukumbusho, na vibao kumi na viwili vya meza. Vibao sina mengi ya kusema juu yake. Vilitoka vizuri, na tarakimu zilisomeka hata kwa mbali. Vikwembe, yaani nguo za vitenge, vilishonwa nyumbani na mama zetu wadogo, na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ulipikwa na upande wa bwana harusi. Sinia na misalaba ndivyo vilivyonifanya niiheshimu karakana hii.

Msalaba ninaouzungumzia hapa si wa kanisani. Ni ule msalaba wa shaba wa Katanga, eneo letu hili la kusini mwa Kongo, wenye mikono minne inayokaribia kulingana, mfano wa herufi X, ambao ulikuwapo kabla ya mmisionari yeyote kufika nchi hii. Wahenga waliyeyusha malakiti, lile jiwe la kijani, katika tanuri za udongo wa kichuguu wakati wa kiangazi, wakaimimina shaba katika kalibu, na misalaba iliyopatikana ikawa fedha ya biashara na mali ya kuolea. Imekutwa hata ndani ya makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Kijana anayeujua kwa sababu tu uliwahi kuchorwa kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960 ameuona nusu. Kwetu sisi, kuuweka juu ya sinia la mahari kulikuwa ni kuurudisha kwenye kazi yake. Tena ni kazi ya kweli, kwa kuwa Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 yenyewe inataka angalau sehemu ya mahari iwe imetolewa kabla ndoa haijafungwa.

Fundi alinisikiliza hadi mwisho bila kunionyesha kitabu chochote cha mifano. Kisha akauliza: «Mama, nani mkubwa katika familia yenu?» Nilipomjibu kwamba ni nkambo, mama yake mama, akasema tumlete. Nkambo alikuja siku ya Jumamosi, akaketishwa penye kivuli, akapewa kipande cha mkaa, naye akachora juu ya karatasi ya saruji mshono wa mkeka ambao mama yake alikuwa akiusuka: mistari inayopanda na kushuka, na kila inapokutana pana tundu dogo. Mshono huo ndio uliozungushwa kwenye ukingo wa sinia. Hakuna hata mmoja wetu sisi wajukuu aliyewahi kuuona kabla ya siku ile.

Kazi yenyewe nimeiona kwa macho yangu, kwa maana niliruhusiwa kuja wakati wowote. Bamba la shaba hulazwa juu ya lami iliyolainishwa kwa moto, likapigwa kwa upande wa nyuma kwa tindo na nyundo hadi umbo litokeze mbele, kisha likageuzwa ili ukingo wa umbo ukazwe. Shaba hugoma inapopigwa sana. Huwa ngumu, na ukiilazimisha hupasuka. Hapo fundi huitia katika makaa mpaka iwe nyekundu, akaitumbukiza majini, nayo hutoka laini tena, kinyume kabisa na chuma. Nkambo alipolisikia lile bamba likilia ndani ya ndoo alicheka, akaomba nyundo. Fundi alimshikia tindo kwa mkono wake mwenyewe na kumwambia, «Piga, Nkambo, polepole.» Alipiga matundu manne. Hayakunyooka sawasawa na mengine, na fundi hakuyarekebisha, jambo ambalo namshukuru kwalo kuliko yote.

Sasa niseme yaliyotutatiza. Tuliahidiwa kupewa mzigo wiki mbili kabla ya sherehe, tukaupata umechelewa siku nne, na katika siku hizo nne simu iliita mara nyingi pasipo jibu. Tulipoipokea misalaba, kumi na mmoja kati yake ilikuwa na madoa meusi chini ya vanishi. Nilipoisogeza kwenye mwanga nikaona kuwa ni alama za vidole, mistari yake yote ikiwa wazi: mwanafunzi wa karakana aliishika kwa mikono mitupu baada ya kuisafisha, na jasho likaila shaba kabla haijapakwa. Fundi hakubishana. Aliiondoa vanishi, akaisugua misalaba kwa limau na chumvi, akaisuuza, akaikausha kwa kitambaa na kuipaka upya bila kudai hata franka moja. Kosa hilo lakini lilipaswa kuonekana kwake kabla halijaonekana kwangu.

Kuhusu bei, tulilipa dola tatu kwa kila msalaba, dola themanini kwa sinia, na dola nne kwa kila kibao. Kwa sinia sioni ghali, kwani kazi yake ilichukua siku sita. Kwa misalaba midogo nilitarajia wapunguze zaidi, hasa kwa idadi tuliyoagiza. Hawatoi risiti mpaka uombe, kwa hiyo omba, na uandikishe humo tarehe ya kupokea pamoja na unene wa bamba, maana mabamba membamba ni rahisi kukunjika sinia linapobebwa likiwa na uzito.

Anayepanga harusi ya Agosti aende pale mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekwisha na fundi akiwa bado hajabanwa na wengine. Alipe nusu, apite kila wiki, akague kila kipande juani kabla ya kumalizia malipo. Na kama familia ina mzee ambaye bado anakumbuka mshono, wimbo au alama ya kwao, amchukue siku ya kwanza kabisa, kabla fundi hajachora chochote, kwa sababu bamba likishapigwa halina njia ya kurudi kuwa tambarare kama mwanzo.