Saa ya kunusa homa mapema: inafaa Mombasa?

Inafaa, kwa anayelala nayo kila usiku. Apple Watch kuanzia Series 8 na pete ya Oura hupima joto la ngozi usingizini, lakini si kipimajoto cha kwapani. Hulinganisha usiku wa leo na kawaida ya mwili wako. Programu ya Vitals ya Apple huhitaji siku 7 kuijua kawaida hiyo, kisha hukuonya vipimo viwili au zaidi vikitoka nje yake.

Kipimo cha kutegemea hapa kwetu ni mapigo ya moyo ya usingizini. Joto la mwili likipanda digrii moja, mapigo huongezeka takriban 10 kwa dakika. Uliyezoea 58 ukiona 67, na hukula usiku wa manane wala hukuchelewa kulala, kuna jambo. Joto la ngozi ndilo lenye kuhadaa: msimu wa kaskazi stima ikipotea na feni ikasimama, namba hupanda na wewe huna ugonjwa. Likipanda peke yake, subiri usiku wa pili. Yakipanda yote mawili, usisubiri.

Katika utafiti wa saa za mkononi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa 2020, kati ya wagonjwa 25 wa Covid-19 ambao vipimo vyao vilibadilika na siku ya dalili ikajulikana, 22 waligunduliwa kwa vipimo hivyo kabla ya dalili au siku zilipoanza.

Taa zilizo mgongoni mwa saa ndizo zinazosoma mapigo kupitia damu. Jasho na chumvi ya bahari huganda pale, kwa hiyo suuza kwa maji baridi na ukaushe kabla ya kulala. Kaza mkanda, upana wa kidole juu ya kifundo cha mkono. Piko iliyokolea huzuia mwanga, basi baada ya harusi sogeza saa penye ngozi tupu.

Saa za bei rahisi zinazoandika 36.5 pindi tu ukizivaa, ziache. Ngozi ya mkono huwa baridi kuliko mwili wa ndani, na namba hiyo ni ya kukisiwa.

Onyo likija, saa haijui kama ni malaria, mafua au dengue. Nenda siku hiyo hiyo ukapime malaria: tone la damu la kidoleni, jibu dakika 15 hadi 20. Ikiwa huna malaria, lakini macho na viungo vinauma, omba kipimo cha dengue. Mpaka majibu yatoke meza panadol tu, kwani aspirini na ibuprofeni huzidisha hatari ya kutokwa damu ikiwa ni dengue.