Kipima maji cha mkononi: uzoefu wangu kwenye ploti ya Kasarani

Nasimamia ploti ya ghorofa nne huku Kasarani, Nairobi, na kinachoninyima usingizi ni maji. Siku ya mgao tunapata ya mfereji, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a. Yakikosekana tunaita boza, na boza hujaza kwenye visima vya kuchimbwa ambavyo sijawahi kuviona. Yote huishia kwenye tangi moja, na watoto wa wapangaji hunywa humo. Ndiyo maana nilinunua kipima maji hiki kidogo, na sasa nimekitumia kiangazi na mvua.

Unadondosha matone machache kwenye kadi ya plastiki yenye vijia vyembamba kama unywele, na maji yanajivuta yenyewe. Kijia kimoja kina dawa kavu ya DPD, inayogeuka waridi ikikutana na klorini, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji. Taa ya kijani hupita humo na kihisi hupima mwanga uliomezwa. Kijia kingine hakina dawa: taa ya infraredi humulika maji, na kihisi kilichokaa ubavuni hupima mwanga uliotawanywa na chembechembe. Majibu huja kwenye simu.

Faida yake kubwa niliiona asubuhi za mgao. Bomba likikaa tupu, maji machafu ya nje hupenyea penye nyufa, kwa hiyo yanayotangulia kutoka ndiyo mabaya zaidi. Siku moja ya mvua ya Aprili yale ya mwanzo yalisoma NTU 14 (NTU ni kipimo cha tope), na klorini haikuonekana kabisa. Niliyaacha yamwagike kwenye ndoo za kudekia hadi kipimo kikashuka chini ya 2 na klorini ikafika miligramu 0.3 kwa lita, ndipo nikafungulia tangi. Shirika la Afya Duniani linataka klorini isipungue 0.2 pale mtu anapochotea. Zamani ningeangalia rangi tu, na maji yaliyo chini kidogo ya NTU 4 machoni huonekana hayana tope.

Hata mazungumzo na watu wa boza yamebadilika.

"Mama, haya maji ni safi, hata mimi nayanywa."

"Sawa kijana wangu, lakini ngoja nipime kwanza."

Klorini ikisoma sufuri simfukuzi. Namwambia nayachukua ila natia klorini mwenyewe, nangoja nusu saa, kisha napima tena. Yakiwa na tope siyapokei, kwa sababu vijidudu hujificha nyuma ya chembe na klorini haiwafikii.

Sasa kasoro. Kiputo kimoja cha hewa kwenye kijia hutawanya mwanga, ukasomewa tope ambalo halipo. Gonga kadi taratibu na urudie. Kubwa kuliko hiyo, kifaa hiki hakioni bakteria. E. koli, bakteria wa kinyesi, hupimwa maabara, sampuli ikilazwa kwenye joto karibu siku nzima, na mimi bado napeleka chupa huko. Wala hakipimi floraidi, na visima vingi vya Nairobi vinayo kwa sababu ya miamba ya volkano. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita kwa miaka, meno ya watoto huingia madoa ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi. Boza linaweza kupasi kila kipimo kwenye simu yangu na bado lisimfae mtoto. Inaniuma kwamba maelezo kwenye boksi yanasema "maji salama" bila kulitaja hili.

Ukiamua kununua, tazama tarehe kwenye kadi kabla hujalipa. Pakiti yangu ya pili ilikuwa karibu kuisha muda, na dawa ya kadi iliyokaa kwenye joto husoma klorini chini kuliko ilivyo. Muuzaji alikataa kunibadilishia. Siku hizi tunaagiza pamoja, mimi na wasimamizi wa ploti jirani, ili kadi ziishe kabla ya tarehe.