Kilwa nzuri, chandarua futi tatu na nusu

Nianze na chandarua, maana ndicho kilichoniudhi, na mengine yote ya Kilwa Masoko nimejikuta nayaangalia kupitia matundu yake.

Kitanda cha chumba tulichopewa kwenye nyumba ya wageni ni futi tano kwa sita. Chandarua kilichoning'inia juu yake ni cha duara, kile cha kitanda cha mtu mmoja, cha tatu na nusu. Kwenye picha walizotutumia kabla ya kulipa kilikuwa kimefungwa utepe na kukaa juu kama shela ya bibi harusi, na kikiwa kimefungwa huwezi kujua upana wake. Kukifungua, upande wa miguuni kimeishia juu ya godoro, kama kiganja kizima kabla ya kufika kwenye ubao. Upande wa kichwani kuna tundu la kupitisha ngumi, na mtu mwenye akili zake alilikunja akalifunga fundo, halafu fundo likafumuka. Matundu madogo niliacha kuyahesabu.

Nikashuka mapokezi. Jioni, giza ndiyo linaanza kuingia.

"Mdogo wangu, chandarua cha chumbani ni kifupi na kimetoboka. Naomba kingine."

Kijana hakuinua macho kwenye simu. "Dada, hapa wanalala wazungu na hawasemi kitu."

"Wazungu wamekuja na vidonge vyao. Mimi nauliza chandarua."

Hapo ndipo akaniangalia. "Kwani wewe si Mtanzania? Malaria umeshaizoea."

Vyumba vichafu nimelala vingi nikasamehe, lakini sentensi hiyo bado inanikera, kwa sababu ni ya mtu mzima anayeuza malazi katika mkoa wa Lindi. Kinga ya malaria haimo kwenye kitambulisho cha taifa. Mwili unaijenga kwa kuumwa tena na tena tangu utotoni, haiwi kamili, na ukihama eneo lenye malaria inapungua. Mtu aliyekulia Arusha mjini, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, anaposhuka Kilwa hana tofauti kubwa na huyo mzungu. Wa Mbeya au Njombe hivyo hivyo, na wa Nairobi pia. Tena yeye yuko pabaya zaidi, maana mzungu amepita kliniki ya wasafiri akaandikiwa dawa, na sisi tunapanda basi Mbagala na mfuko wa korosho.

Chandarua kingine hakikupatikana. "Kesho," alisema. Kwa hiyo nieleze namna ya kukabili hali hiyo, maana ukiacha Zanzibar na Serengeti ukaenda sehemu zisizojaa watu, vyandarua vya namna hii utakutana navyo tu.

Fungua chandarua kabla jua halijazama, na kabla hujatoa nguo kwenye begi. Ingia ndani yake, mwenzako awashe tochi ya simu upande wa nje: kila tundu litajionyesha. Tundu la kupita kidole gumba linatosha mbu kuingia. Shona kwa sindano na uzi, si lazima ushonaji uwe mzuri, vuta kingo zikutane basi. Kwenye begi weka sindano, uzi, pini sita na kamba nyembamba ya mita nne au tano. Vyote vinaingia kwenye kopo la dawa tupu.

Cha duara kina ubaya wake hata kikiwa kizima. Pete ya juu ni ndogo, kwa hiyo pande zinashuka kwa mshazari na kugusa mabega na magoti ya anayelala. Mbu hahitaji tundu hapo, anakaa nje na kukuchoma kupitia wavu. Dawa ikiwa bado ina nguvu atakufa baadaye, lakini vyandarua vyenye dawa ya kudumu vimetengenezwa kukaa kama miaka 3 au kufuliwa mara 20, na hiki cha kwetu rangi yake ilishaniambia umri wake. Dawa ya ngozi inakusaidia papo hapo: paka viwiko, magoti na nyayo, sehemu zitakazogusa wavu. Tafuta yenye DEET, kile kiambato cha kufukuza mbu, ya asilimia 20 hadi 30. Mchana ukipaka na mafuta ya kuzuia jua, mafuta ya jua yanatangulia, ya mbu yanafuata.

Kikiwa kifupi, usikivute kifike pande zote, hakitafika. Sogeza godoro ukutani kama ukuta ni mkavu, lala kwa upande mmoja, na ziba pengo la miguuni kwa shuka ulilolibana na pini kwenye pindo la chandarua. Mimi nilitumia kanga. Pangaboi nalo linasaidia sana, mbu haruki vizuri kwenye upepo, ila umeme ukikatika saa nane usiku msaada umeondoka, na mbu wa malaria kazi yake kubwa ni usiku wa manane mpaka alfajiri. Ndiyo saa zenyewe.

Nikubali kitu kimoja: kijana aliniletea dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya kuzunguka, bila kuombwa na bila kunilipisha. Moshi ulitukosesha usingizi. Lakini aliileta.

Kuhusu vidonge, watu wengi wanakosea mahali pamoja. Dawa mseto, ile ya ALu, ni ya kutibu. Haimezwi nusu dozi "kwa tahadhari" kabla ya safari, na SP wanayopewa wajawazito kliniki si ya mtalii. Za kinga ni nyingine, na duka kubwa la dawa mjini wanazo, Masoko usitegemee. Atovaquone yenye proguanil unaanza siku 1 au 2 kabla, kimoja kila siku pamoja na chakula, unaendelea siku 7 baada ya kuondoka. Ni ghali. Doxycycline ni rahisi kwa bei, inaanza siku 1 au 2 kabla lakini inaendelea wiki 4 baada ya kurudi, na hapo ndipo watu wanaacha. Meza na glasi nzima ya maji na usilale mara moja, inaunguza koo. Tena inafanya ngozi iungue na jua haraka, na Kilwa jua lipo. Mjamzito na mtoto chini ya miaka 8 haiwahusu. Ongea na mfamasia au daktari kabla ya kuchagua, hasa kama una dawa nyingine unazotumia.

Sasa niseme ukweli, hata kama unaharibu hasira yangu. Kilwa Kisiwani inastahili. Kibali kinakatwa Masoko kabla ya kupanda boti, halafu unavuka maji membamba na kushuka mbele ya Gereza, ngome ya Waomani iliyojengwa juu ya mabaki ya ile ya Wareno wa 1505. Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11, kuba zikaongezwa karne ya 14. Ukisimama chini ya zile kuba za mawe ya matumbawe, mchana wa jua kali, ndani kuna ubaridi kama wa mtungi. Husuni Kubwa iko mwendo kidogo kando ya pwani, jumba la sultani lenye bwawa la pembe nane linalotazama bahari. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika mji huu 1331 akausifu. Sisi siku ile tulikuwa wanne na kiongozi wa watano. Wanne! UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 1981, na watu wa Dar wako umbali wa saa tano au sita kwa basi, wanakwenda kusongamana kwingine.

Ila ubaridi uko chini ya kuba tu. Njia kutoka msikitini mpaka Husuni Kubwa haina kivuli cha kutosha, na kisiwani usitegemee duka lenye maji ya baridi kila kona. Beba lita 2 hadi 3 kwa kila mtu. Beba na ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini: pakiti moja inachanganywa kwenye lita 1 kamili ya maji safi. Watu wanaimwaga kwenye chupa ya nusu lita "iwe kali", na hapo wanajiongezea chumvi mwilini badala ya maji. Huna pakiti, tengeneza: lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ionje, isiwe na chumvi kuliko machozi. Viatu vivaliwe vya kufunika vidole. Matumbawe yanakata, na kidonda chake hakiponi haraka kwa sababu chembe zinabaki ndani. Osha kwa maji safi na sabuni, sugua taratibu mpaka chembe zitoke, ndipo ufunge.

Na chakula. Hapa hasira ilinishuka kabisa. Pweza wa nazi wa yule mama wa jikoni, wali wenye harufu ya iliki kwa mbali, ndimu pembeni. Mlo wa kwanza nilitaka kumsamehe kijana wa mapokezi na ukoo wake. Mpishi ndiye mtu pekee mahali pale aliyejua kazi ya afya bila kuambiwa: maji ya kunywa yamechemshwa na kufunikwa, kachumbari anaikata wakati unakaa mezani, na samaki hanunui baada ya saa nne asubuhi. Nilimuuliza kwa nini. "Baada ya hapo wameshaota jua, mwanangu." Ni sahihi kuliko alivyofikiri. Jodari na nguru wakikaa bila barafu wanatengeneza histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, na histamini haifi kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Dalili zinakuja ndani ya saa moja hivi: uso unakuwa mwekundu na moto, kichwa kinagonga, mdomo unawasha kama umekula pilipili. Watu wanasema wana mzio wa samaki, kumbe samaki alichelewa kwenye dau. Ukionja jodari ukahisi ukali wa pilipili ambayo hakuna aliyeitia, weka chini.

Basi nyota za kuwapa malazi haya nikawa nimeshazipandisha mpaka nne. Halafu tukarudi chumbani, usiku wa pili, chandarua ni kile kile. Fundo langu, kanga yangu. Kijana: "Mwenye ufunguo wa stoo kaenda Nangurukuru." Nyota zikashuka.

Ukirudi nyumbani kazi haijaisha. Malaria ya hatari haitoki siku ya pili ya safari, inahitaji kama siku 7 au zaidi tangu kuumwa. Homa ikianza wiki ya pili, ukiwa ofisini Arusha na Kilwa umeshaisahau, nenda ukapime siku hiyo hiyo, na useme kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ulikuwa Lindi. Daktari wa kaskazini anaweza kuanza na taifodi kama hujamwambia. Kipimo kikiwa hasi na homa inaendelea, rudia kesho yake. Kabla ya majibu meza paracetamol tu, si aspirini wala ibuprofen, kwa sababu dengi nayo ipo pwani, Dar iliikumba 2014 na tena 2019, na dawa hizo mbili zinaongeza hatari ya kutoka damu. Ukikutwa na malaria ya kawaida, dozi ya ALu kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne, vinne tena baada ya saa 8, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili. Meza na chakula chenye mafuta, bila hivyo mwili hauichukui vizuri. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo. Na usikimbilie kipimo cha haraka wiki moja baadaye kuona kama umepona, kinaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya vijidudu kufa.

Ukizidiwa ukiwa kule kule, ujue hospitali ya wilaya, Kinyonga, iko Kivinje, si Masoko. Weka namba ya bodaboda au teksi kabla hujaihitaji. Kwa mtoto au mjamzito mwenye homa usingoje kukuche.

Sikuugua. Nataka hilo liandikwe kwa haki, na pia nataka lisitumike kumtetea mtu, kwa sababu kilichonilinda ni vidonge vyangu, sindano yangu na kanga yangu, na hakuna kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kwenye bei niliyolipa.

Nyota mbili. Mbili na nusu, hiyo nusu ni ya mpishi. Hapana, mpishi ana haki ya nyota nzima, iwe tatu, na ningewaambia ndugu zangu waende kesho asubuhi ila wabebe chandarua chao, cha pembe nne, sita kwa sita, na misumari midogo minne waombe ruhusa.

Siku ya kuondoka, tukishusha mabegi, kijana akaja anakimbia koridoni na chandarua kipya bado kiko kwenye mfuko wake wa nailoni. Ameng'ara usoni. "Dada, kimepatikana!" Nikasoma lebo. Cha duara. Tatu na nusu.