Meneja au kiongozi: nani anafuatwa ofisini?

Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, barua ya uhamisho ilitosha kumtoa mtumishi Dar es Salaam. Haikutosha kumfanya aipende kazi akiwa Mtumba, kwenye mji wa serikali huko Dodoma, vumbi likimwingia machoni.

Meneja ana cheo, daftari la mahudhurio na tathmini ya utendaji. Anatiiwa, ndiyo, lakini ikifika saa 9:30 alasiri kompyuta zimeshazimwa na watu wako getini.

Kiongozi utamjua msimu wa bajeti. Anabaki na vijana wake usiku, anawaagizia chipsi mayai kwa hela yake. Asubuhi mkurugenzi akikuta jumla haziwiani, meneja hugeuka na kuuliza, "Nani ameandika hii?" Kiongozi hujibu, "Nimesaini mimi, nipe saa moja tunarekebisha." Baada ya hapo hahitaji kumsukuma mtu, kesho yake wenyewe wanawahi.

Profesa Abraham Zaleznik wa Chuo Kikuu cha Harvard alizitenganisha nafasi hizi mbili tangu 1977. Simdharau meneja, maana bila yeye posho ya safari hailipwi kwa wakati (na njaa haina uzalendo). Ila nikiambiwa nichague bosi, nampa kura kiongozi, hata mafaili yake yakiwa vurugu, mradi ofisini awepo mhasibu makini.